Nyota Begani, Risasi Mfukoni (Sehemu ya Kumi na Moja)

Goti. Tuliliacha hewani Jumamosi iliyopita, na najua wapo waliopiga simu gazetini kuuliza kama lilifika chini.

Lilifika. Tena lilifika mbele ya askari zaidi ya mia mbili waliosimama paredi ya asubuhi, katika kile kikosi kilicho nje kidogo ya mji wa Kibondo.

Kwa anayeingia hadithini leo, nitasema kwa kifupi. Miaka sita iliyopita Immakulata Stanislaus alikuwa koplo kikosini hapo hapo. Akaomba kwenda kozi ya uofisa. Sajini Meja wa kikosi, Afisa Mteule Pasikali, akaandika katika ripoti yake neno moja tu: "Hafai." Mwezi huo huo Mzee Stanislaus, baba yake Immakulata, akafariki dunia kijijini Rungwe Mpya, upande wa Kasulu. Binti akaomba ruhusa akamzike baba yake. Pasikali akamnyima, akampanga lindo siku tatu mfululizo. Alipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka na matanga yameanuliwa.

Na Pasikali si mtu baki. Ni jirani yao wa Rungwe Mpya, aliyelima bega kwa bega na marehemu na kula ugali wa muhogo nyumbani kwao. Immakulata amemwamkia mzee huyo kwa kupiga goti tangu alipokuwa hajang'oka meno ya utoto.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Miaka sita amekilea kisasi chake kama mtu anayelea jipu. Kikosi kilipopata mkuu mpya aliomba kozi tena, akapita, akaenda Monduli, akatambaa kwenye matope mpaka viwiko vikatoka ngozi, akatunukiwa kamisheni, akarudi Kibondo ni Luteni Usu mwenye nyota moja kila bega. Siku ya kwanza alikuwa ameipanga yote kichwani. Atasimama mbele ya Pasikali, atanyamaza, atasubiri mkono wa mzee upande kwenye bereti. Na hataijibu saluti hiyo haraka. Atauacha ule mkono huko huko juu, uchoke.

Badala yake alikutana na mzee uso kwa uso, na mwili ukamsaliti. Goti la kulia likakunjika lenyewe, viganja vikakutana, mdomo ukatamka salamu ya nyumbani, "Mwakeye, data," kama msichana wa Rungwe Mpya anayemwamkia baba wa jirani njiani kisimani. Ofisa wa jeshi! Ndani ya sare! Mbele ya paredi!

"Inuka, Luteni," Pasikali alisema kwa sauti ya chini. "Ofisa hapigi goti."

Mstari wa mbele ukasikia. Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Wa pili akakohoa vilevile. Kufumba na kufumbua paredi nzima ilikuwa na kikohozi.

"Kimya!" Pasikali aliunguruma akiwageukia, na mia mbili wakawa mawe. Mkuu wa kikosi akaingia uwanjani, paredi ikaanza, na katika purukushani hiyo ile saluti haikupigwa.

Immakulata alisimama mahali pake na masikio yanawaka moto. Kama alikuwa na chembe ya huruma iliyobaki moyoni, ilikufa hapo.

"Utalia, Pasikali," alijiambia. "Wallahi nakuapia kwa kaburi la baba, utalia."

Mkatoliki kuapa wallahi! Ndivyo hasira inavyomfanya mtu akope hata viapo vya jirani.

Saa mbili na nusu aliitwa ofisini kwa Meja Twalibu, msaidizi wa mkuu wa kikosi. Meja alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi.

"Nimesikia asubuhi ulisali paredi," Meja alisema bila kucheka.

"Ilikuwa bahati mbaya, afande."

"Bahati mbaya ya ofisa huitwa kosa. Tuyaache. Leo kuna shabaha. Wewe ndiye ofisa wa uwanja. Risasi anasimamia Pasikali, amekwisha kuzisainia ghalani."

"Ndiyo, afande."

"Mzee amebakiza siku kumi na tisa astaafu. Miaka thelathini na nne hana hata onyo moja. Sasa nisikilize." Meja aliinua kidole. "Kanuni yangu unaijua. Risasi moja ikipotea, hatoki mtu, hali mtu, na aliyezisainia anakwenda mahakama ya kijeshi. Awe mzee, awe mtume."

Immakulata alipiga saluti, akatoka. Nje alisimama kidogo akivuta pumzi. Kumi na tisa. Siku kumi na tisa tu, mzee aende zake Rungwe Mpya na cheti chake na medali zake, akae kizingitini ale mihogo ya kuchoma kwa raha. Wakati baba yake alizikwa bila hata binti yake kumtupia konzi ya udongo.

Uwanja wa shabaha uko bondeni, mashamba ya muhogo yanaishia kwenye bendera nyekundu za tahadhari. Askari walilala juu ya turubai kumi kumi, wakafyatua, wakaamka, wakaja wengine. Pasikali alisimama nyuma yao na daftari lake. Hakumwangalia Immakulata, wala Immakulata hakumwangalia yeye, lakini kila mmoja alijua mwenzake yuko hatua ngapi.

Sasa sikiliza jambo ambalo raia halijui. Askari akimaliza kupiga shabaha haondoki hivi hivi. Kila risasi aliyopewa lazima irudi, ama nzima, ama ganda lake. Maganda yanaokotwa moja moja kwenye majani kama mama anayechagua maharage. Kisha kila askari anasimama mbele ya Sajini Meja, anageuza mifuko nje, anapaza sauti: "Sina risasi, sina ganda, afande!" Ndipo anaruhusiwa kwenda.

Katika kundi la mwisho bunduki ya askari mmoja iligoma. Akavuta komeo kwa pupa. Risasi nzima ikachomoka, ikadunda kwenye kiwiko chake, ikabiringika, ikaingia kwenye mkunjo wa turubai. Askari hakuona, alikuwa anapambana na silaha.

Nani aliona? Immakulata. Ofisa aliyeingia jeshini moja kwa moja kutoka chuo kikuu asingeona, angekuwa anatazama shabaha. Lakini huyu alikuwa koplo miaka saba. Alikwisha kulala juu ya turubai lile lile, na alijua risasi hukimbilia wapi.

Alifungua mdomo aseme.

Kisha akaufunga.

Kundi likaamka. Turubai likaanza kukunjwa. Immakulata alipiga hatua mbili, akaweka buti lake la kulia juu ya mkunjo ule, akasimama hapo kama mtu anayekagua hali ya hewa.

"Hili liacheni, nitalikagua mwenyewe," aliwaambia askari. Wakaliacha. Wewe ungembishia ofisa?

Hesabu ikaanza. Risasi mia sita zilitoka ghalani. Pasikali alihesabu maganda, akahesabu risasi nzima zilizorudi, akaandika, akakunja uso. Akahesabu tena. Mara ya tatu alipiga magoti kabisa kwenye majani, akazipanga kumi kumi kwa vidole vyake vinene.

Mia tano tisini na tisa.

"Kuna nini, Sajini Meja?" Immakulata aliuliza kwa sauti tamu.

"Moja haipo, Luteni."

"Haipo, au hujui kuhesabu?"

Askari walitazamana. Hakuna aliyewahi kusikia Pasikali akisemwa hivyo. Mzee aliinamia daftari lake tena.

Ee, msomaji, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Immakulata aliutazama uso ule ukipauka, na nisikufiche, alisikia utamu. Alikumbuka dirisha dogo la ofisi ya Sajini Meja, miaka sita nyuma, yeye akiwa nje na simu mkononi, mama yake akilia upande wa pili. Alikumbuka jibu alilopewa kupitia dirisha lile: "Ruhusa hakuna, Koplo. Nenda lindoni."

"Tafuteni!" aliamuru. Wote wakainama kwenye majani, wamempa mgongo.

Naye akainama. Ofisa akifunga kamba za buti, nani atamuuliza? Alipoinuka, ile risasi ilikuwa kwenye mfuko wa kulia wa suruali yake, ina joto la jua na uzito wa mfupa wa kuku.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mpaka saa nane mchana walikuwa wamepekua bonde zima. Meja Twalibu alifika mwenyewe kwa gari, akasikiliza, akafura hadi kwenye shingo. Lango likafungwa. Chakula cha mchana kikazuiwa. Askari wote walivuliwa buti na kupekuliwa hadi soksi. Waliokohoa asubuhi sasa walikuwa wanamlaani mzee waziwazi kwa njaa.

"Saa kumi kamili," Meja alimwambia Pasikali mbele ya watu, "kama haijaonekana, unavua mkanda na kwenda mahabusu. Umesikia?"

"Nimesikia, afande. Naomba nimpelekee ofisa wa uwanja maelezo yangu ya maandishi."

"Mpelekee."

Immakulata alikuwa ofisini kwake, chumba chenye meza moja, kiti kimoja na ramani ya mkoa. Alikuwa amesimama dirishani, mkono wa kulia mfukoni, akiigeuzageuza ile risasi kwa vidole. Ofisa hatakiwi kuweka mkono mfukoni, anajua. Lakini hakuweza kuiachia. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Mlango ukagongwa. Pasikali akaingia, akaufunga nyuma yake. Hakuwa na maelezo yoyote mkononi.

"Nimekuja kuchukua risasi yangu," alisema.



"Risasi gani?"

"Luteni, mimi nimekaa na risasi kuliko nilivyokaa na mke wangu. Ikianguka naisikia. Nilikuona ulipoikanyaga, nikakuona ulipofunga kamba ambazo hazikufunguka."

"Kama uliniona, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba ofisa, siku yake ya kwanza, ameiba risasi ya Serikali? Usingefungwa wewe?"

"Usinitishe, mzee!"

"Sikutishi. Nauliza."

Immakulata alimsogelea. Sauti ilimtoka katikati ya meno. "Basi nenda kaseme. Meja yuko pale. Kaseme, tuone nani ataaminiwa, mwenye nyota au anayeokoteza maneno ya kujiokoa. Uliniandika sifai. Uliniacha nishike bunduki baba yangu akishushwa kaburini! Ulikula kwetu, Pasikali. Mama alikuwa anakupakulia wewe kabla ya watoto wake. Leo ni zamu yako. Nenda mahabusu, ukalale kwenye saruji, ufikirie!"

Hilo, ndugu msomaji, lilikaa kifuani miaka sita. 

Pasikali hakurudi nyuma. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Sikutaka kukupa hii," alisema. "Nilimwahidi mtu. Lakini mtu huyo amekufa, na mimi saa kumi nafungwa. Soma."

"Sisomi chochote kutoka kwako."

"Basi tazama chini yake tu. Huna haja ya kusoma."

Alitazama. Chini ya karatasi palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Dole lenyewe halikutimia, upande wa juu ulikatika mshazari. Immakulata alikuwa na miaka tisa panga la muhogo lilipomkata baba yake pale pale, na ni yeye aliyekimbia kuleta kitambaa.

Akaichukua karatasi kwa mkono wa kushoto. Iliandikwa kwa mwandiko wa katekista wa jumuiya yao.

*Pasikali ndugu yangu. Mimi Stanislaus najua sitapona. Naomba mawili. La kwanza, mtoto asiende uofisa mwaka huu nikiwa hai. Wanapekua ukoo hadi kwa babu, na watakuja kuniuliza mimi, nami siwezi kusema uongo nikiwa kitandani pa kufa. La pili, nikifa jeshi lisije kunizika. Ndugu zangu wa Makamba, kule nilikozaliwa, watavuka mpaka, nao watasoma wasifu wangu hadharani kama ilivyo desturi, jina langu la kuzaliwa na mahali nilipozaliwa. Askari wakisikia, mtoto amekwisha. Mzuie. Akuchukie wewe, asijue mimi.*

Sasa unaelewa, na yeye alielewa. Askari akifiwa na mzazi, kikosi hutoa lori zima la wanajeshi kwenda kuzika naye. Na pale kaburini, mbele ya kila sikio, wazee husoma alizaliwa wapi, kwa nani, akahamia lini. Stanislaus, ambaye kwenye kila fomu ya binti yake ameandikwa mzaliwa wa Rungwe Mpya, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa mtoto mwaka sabini na mbili mgongoni mwa shangazi aliyekimbia mauaji ya huko, akalelewa na Waha. Hakuwahi kukaa kambi ya wakimbizi. Hakuwahi kuandikishwa popote kuwa raia, na jeshi halimpi nyota binti wa baba asiye raia.

"Mwongo," Immakulata alisema. Lakini lilitoka bila nguvu.

"Mimi ndiye niliyelala naye mkeka mmoja siku alipofika. Mama yangu ndiye aliyempa uji. Wasifu ulisomwa, ndiyo. Ulisomwa mbele ya mama yako na mbele ya Rungwe Mpya nzima. Umewahi kusikia mtu akikwambia?"

Hajawahi.

"Kijiji kizima kimenyamaza kwa ajili ya nyota yako," Pasikali alisema.

"Lakini 'hafai'! Ungeweza kuandika kitu kingine!"

"Ningeandika nini? Kwamba unafaa ila asiende? Neno dogo hufufua maswali. Neno kubwa huyaua." Mzee alijifuta jasho. "Na usidhani nakuhurumia. Tangu ukuruta una kiburi, sikukupenda hata siku moja. Asubuhi ulipopiga goti ndipo nilipomwona mtoto wa Stanislaus. Nikakwambia inuka, kwa sababu hukupaswa kushuka. Wakacheka wao, mimi sikucheka."

Immakulata aliikumbuka sauti ile ya chini. Ofisa hapigi goti. Siku nzima aliibeba kama tusi.

Na bado, nisikudanganye, hasira haikuondoka. Ilikosa mahali pa kukaa tu. Ilimtazama Pasikali, ikamtazama baba yake kaburini, ikamtazama mama yake anayempigia simu kila Jumapili na kumwombea. Wote walijua. Yeye peke yake ndiye aliyelia kwenye lindo siku tatu kwa jambo asilolijua, na hakuna hata mmoja aliyemwamini kiasi cha kumwambia. Alitamani kuwarudishia wote. Mmoja alikuwa hapa, amebakiza dakika kumi na tano.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Risasi. Nitasema nimeikuta kwenye turubai. Turubai lako hukulikagua vizuri, utapata karipio, basi. Hiyo karatasi ubaki nayo, uichome."

"Na nikikataa?"

"Nitakwenda mahabusu. Karatasi ubaki nayo vilevile." Pasikali alishusha pumzi. "Nilimwahidi marehemu, si wewe, mwanangu, mwana wanje."

 Nje filimbi ililia, buti zikasikika zikikimbia kwenye changarawe.

Ndipo mzee akavuta mabega nyuma. Visigino vikagongana. Mkono wa kulia ukapanda, vidole vimenyooka, ukagusa bereti.

"Afande," alisema.

Neno hilo. Saluti hiyo. Miaka sita ameidai, ameiota Monduli na matope mdomoni. Na imekuja mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni, umeifumbata risasi, na wa kushoto umeshika uongo wa baba yake.

Saluti ya askari lazima ijibiwe. Ofisa asipoijibu, aliyepiga hashushi mkono. Pasikali hakuushusha. Sekunde zikapita. Mkono wa mzee wa miaka hamsini na kitu ukaanza kutetemeka pale juu, sawasawa na alivyopanga utetemeke, na Immakulata akagundua kwamba hawezi kuutazama. Akaiweka karatasi mezani. Vidole vya mfukoni vikafunguka kidogo.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

Meja Twalibu alikuwa mlangoni, nyuma yake polisi wawili wa jeshi. "Amri ya mkuu wa kikosi," alisema. "Maofisa nao wapekuliwe. Tunaanza na ofisa wa uwanja."

Macho yake mengi yakatua kwenye karatasi iliyofunguka mezani, na dole la buluu chini yake. Yakapanda kwenye mkono wa mzee unaotetemeka hewani. Yakashuka polepole hadi kwenye suruali ya Immakulata.

"Mtu mzima anakupigia saluti nawe hujibu," Meja alisema. "Luteni, toa huo mkono mfukoni."